Marijani na Ndugu Zake wa Vilindini

Katika masanduku ya akina mama wengi huhifadhiwa kidani cha shanga nyekundu kilichotoka kwa bibi. Akiulizwa ni shanga gani, mwenyewe hujibu kwa neno moja: marijani. Jibu hilo mara nyingine huwa kweli, na mara nyingine si kweli. Hata likiwa kweli, bado halijatosha, kwa kuwa marijani si kitu kimoja. Ni ukoo wa viumbe wanaofanana mno, wakaao vilindini mwa bahari za mbali, na kuwatenganisha ni kazi iliyowasumbua wanazuoni, masonara na maofisa wa forodha kwa miaka mingi.

Kamusi za zamani za Kiswahili zimehifadhi jina la "marijani ya fedhaluka" kwa ile marijani nyekundu iliyo ya kweli. Jina hilo ni ushahidi kwamba wazee wa pwani walikwisha kujua kuwa si kila ushanga mwekundu ni marijani. Swali la siku hizi limesonga hatua moja mbele: marijani hii ni ya ndugu yupi? Swali hilo si la mapambo tu. Ndugu mmoja hupita mpakani bila karatasi yoyote ya mkataba wa kimataifa, na mwingine yampasa awe na karatasi. Atakayesimama kati yao ni askari au ofisa wa forodha, naye hana budi kuamua.

MARIJANI NI NINI?

Marijani si jiwe, wala si mmea, ijapokuwa ina matawi kama mti. Ni makazi ya wanyama wadogo waitwao polipi, maelfu kwa maelfu, wakaao pamoja juu ya mhimili mmoja mgumu wa chokaa walioujenga wenyewe. Kila polipi ana minyiri minane, na kila mnyiri una vishada pembeni mfano wa unyoya wa ndege. Kwa minyiri hiyo hunasa chembe za chakula zinazopita na mkondo wa maji.

Haifai kuichanganya marijani na matumbawe ya mwambani, yale yaliyojengea nyumba za mawe za Lamu na Unguja. Matumbawe hayo hupenda maji ya kina kifupi, kwa maana husaidiwa na viumbe vidogo vinavyohitaji mwanga wa jua. Marijani imo katika kundi jingine, kundi la gorgonia, na nyingi katika kundi hilo huishi gizani, mamia ya mita chini, nyingine hata kupita mita 1,000. Huko maji ni baridi, chakula ni haba, na ukuaji ni wa polepole sana. Mhimili wa marijani huongezeka unene kwa chini ya nusu milimita kwa mwaka. Tawi lenye unene wa milimita 10 huenda limechukua miaka thelathini hata hamsini. Basi ushanga mmoja mkubwa ni kazi ya umri wa mtu mzima, na mchimbaji huukata kwa dakika moja.

NDUGU WANAOFANANA

Anayejulikana zaidi ni Corallium rubrum wa Bahari ya Mediterania, aliyeandikwa na Linnaeus mwaka 1758. Hupatikana pia pwani za Afrika ya Kaskazini: Moroko, Aljeria na Tunisia. Mhimili wake ni mwekundu nje mpaka ndani. Biashara ya shanga za namna hii ilifika mbali. Huko Benin, katika Nijeria ya leo, shanga za marijani zimekuwa vazi la heshima la Mfalme, Oba, kwa karne nyingi.

Ndugu wa pili ni Corallium japonicum wa bahari za Japani na Taiwan, akaaye kina cha mita 100 hadi 300 hivi. Rangi yake ni nyekundu iliyokolea kama damu. Katikati ya mhimili wake mna kiini cheupe, ambacho wafanyabiashara wa Japani hukiita "fu". Rubrum hana kiini hicho.

Katika bahari hizo hizo wamo pia Pleurocorallium elatius, ambaye huanzia waridi hadi rangi ya machungwa na wekundu, na Pleurocorallium konojoi, ambaye kwa kawaida ni mweupe. Mbali zaidi, penye visiwa vya Hawaii, yupo Pleurocorallium secundum mwenye rangi ya waridi hafifu, katika kina cha mita 350 hadi 600. Chini kuliko hao wote, juu ya milima iliyozama ya Bahari ya Pasifiki, wamo ndugu wa jenasi ya Hemicorallium.

RANGI NI SHAHIDI WA UONGO

Mtu akisoma orodha hiyo aweza kudhani kwamba rangi yatosha. La, haitoshi. Elatius mwekundu hukaribia japonicum aliyefifia. Elatius mweupe humfanana konojoi, na secundum wa waridi humfanana elatius wa waridi. Hata kile kiini cheupe, ambacho ni dalili njema, hutoweka pindi sonara anapokata ushanga pembeni mwa mhimili na kuacha katikati. Likiwa baharini, tawi zima lina umbo lake, namna ya kutanda, na mahali polipi walipojipanga. Likiisha kukatwa, kuchongwa na kusuguliwa, dalili hizo zote zimepotea.

Hali hii si ngeni kwa askari. Mapacha wawili wakivaa sare moja, asiyewajua hawezi kuwatenganisha kwa uso. Ataomba alama za vidole. Marijani nayo ina alama zake za vidole. Ndani ya nyama laini ifunikayo mhimili mna vijifupa vya chokaa, vidogo sana, vingi vikiwa chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Ili kuviona, mtaalamu huchukua kipande kidogo cha tawi na kukitia katika dawa ile ile ya kung'arishia nguo nyeupe ambayo mama wa nyumbani huijua. Dawa hula nyama na kuacha vijifupa, navyo huoshwa kwa maji na kuwekwa chini ya hadubini.

Hapo ndipo ndugu huanza kutengana. Vijifupa vingine vina vinundu sita, vingine saba, vingine vinane. Vingine ni vijiti virefu. Vingine vina vichwa viwili vilivyoungana, mfano wa darubini ya macho mawili aitumiayo mlinzi wa mpaka. Mtaalamu hatazami kijifupa kimoja. Hutazama aina zote, wingi wa kila aina, na sehemu ya tawi ilikotoka, ndipo atamke jina.

Na bado hata wataalamu wamebadili uamuzi wao. Mwaka 2003 wanazuoni Bayer na Cairns walianzisha jenasi mpya, Paracorallium, wakamhamishia humo japonicum. Mwaka 2015 Tu na wenzake huko Taiwan walichunguza vinasaba pamoja na maumbo, wakaona kwamba jenasi hiyo haisimami, na japonicum akarudi katika Corallium. Kiumbe ni yule yule, mahali pake ni pale pale, lakini jina lilitoka na kurudi.

Msomaji ataona kwamba vinasaba basi vimemaliza kazi. Havijaimaliza. Kwa wanyama wengi, vinasaba vya mitokondria hubadilika upesi, na kwa hiyo ndugu wawili hutofautiana waziwazi. Kundi hili la minyiri minane lina jini isiyo ya kawaida, na wanazuoni wengi hudhani kuwa hiyo ndiyo inayorekebisha makosa ya vinasaba hivyo, hata mabadiliko yakawa machache mno. Ndugu wa mbali hutengana. Wa karibu sana, kama elatius na konojoi, huacha tofauti ndogo mno. Kwa hiyo mtaalamu mwangalifu huunganisha ushahidi: umbo, vijifupa, vinasaba, na mahali kiumbe alipotolewa.

SHERIA NA UGUMU WAKE

Mwaka 2007, katika mkutano wa The Hague, Uholanzi, nchi zilizotia sahihi mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zililetewa pendekezo la kuiwekea masharti familia nzima ya marijani hizi. Kamati ililikubali, mkutano mkuu ukalikataa. Mwaka 2010, huko Doha, pendekezo lilirudishwa. Nchi 64 ziliunga mkono na 59 zikapinga, na kwa kuwa theluthi mbili hazikupatikana, likaanguka tena. Waliopinga walitaja riziki za wachimbaji na masonara, na upungufu wa ushahidi wa takwimu. Lakini hoja moja ilisikika mara kwa mara: ofisa wa forodha atazitambuaje shanga zilizokwisha kuchongwa?

Wakati huo China ilikuwa imekwisha kuchukua hatua yake. Kuanzia mwaka 2008, kwa ombi lake, ndugu wanne, yaani japonicum, elatius, konojoi na secundum, waliandikwa katika Orodha ya Tatu ya mkataba huo. Shanga zao zikitoka China huhitaji kibali cha kusafirisha, na zikitoka nchi nyingine huhitaji cheti cha mahali zilipotoka. Rubrum wa Mediterania hakuandikwa. Ndiyo kusema, mbele ya ofisa huwekwa vidani viwili vyekundu vinavyofanana, kimoja chahitaji cheti na kingine hakihitaji.

Mlaghai huujua ugumu huo. Mwezi wa Oktoba 2014, kikosi cha ulinzi wa pwani cha Japani kilihesabu zaidi ya mashua 200 za kigeni karibu na visiwa vya Ogasawara na Izu, zikitafuta marijani nyekundu bila ruhusa. Manahodha kadhaa walikamatwa, na kabla ya mwaka kwisha Japani iliongeza faini. Lakini mali iliyokwisha kuondoka baharini na kugeuzwa shanga haina tena bendera ya mashua iliyoichukua.

Mwaka 2020 wachunguzi wa Uswisi walitoa habari ya kutia moyo. Walionyesha kwamba vinasaba vyaweza kupatikana hata katika marijani iliyokwisha kuchongwa, kwa kuchukua unga kidogo, pengine miligramu 2.3 tu, bila kuharibu thamani ya pambo. Kwa kiasi kidogo namna hiyo, zaidi ya nusu ya majaribio yalifaulu. Walipata pia dalili kwamba sokoni mna namna nyingi za marijani kuliko ilivyodhaniwa.

NYUMBANI

Familia haina maabara, lakini inaweza kutambua mengi. Jambo la kwanza ni kuutazama ushanga kwa kioo cha kukuzia mbele ya dirisha. Marijani ya kweli, iwe ya ndugu yeyote katika familia hii, huwa na mistari myembamba sana ipitayo sambamba kwa urefu wa tawi. Plastiki haina mistari hiyo, na kioo mara nyingi huonyesha viputo vya hewa.

Jambo la pili ni kujihadhari na marijani-mwanzi, gorgonia mwingine wa vilindini ambaye mhimili wake una pingili nyeupe na vifundo vyeusi kama mwanzi. Pingili hizo hutiwa rangi nyekundu na kuuzwa kwa jina lisilo lake. Mistari yake huwa minene na yenye nafasi zaidi, na rangi iliyotiwa hujikusanya katika nyufa na katika tundu la uzi. Pamba nyeupe iliyoloweshwa kidogo dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ikipakwa karibu na tundu, mara nyingi hutoka na wekundu iwapo rangi ni ya kutiwa.

Jambo la tatu ni kuacha kabisa jaribio la ndimu au siki. Ni kweli kwamba chokaa hutoa povu na plastiki haitoi. Lakini marijani-mwanzi nayo ni chokaa, hutoa povu lile lile, na marijani ya kweli hupoteza mng'ao wake. Kidani kifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu, kisiguswe na dawa ya kufulia wala manukato.

KAZINI

Majaribio hayo hutenga marijani na bandia. Hayatengi ndugu na ndugu, na hapo ndipo uangalifu wa askari wahitajika. Akikamata shanga, si kazi yake kuandika "marijani ya Japani" kwa kuwa ni nyekundu sana. Kazi yake ni kuandika alichokiona: idadi ya shanga, uzito, rangi, mistari, kama kuna kiini cheupe, zilisemwa zimetoka wapi na kwa karatasi gani. Vipande vilivyovunjika visitupwe, maana vyaweza kutoa unga wa uchunguzi bila kugusa vizima. Jina atalitamka mtaalamu.

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa kiza. Ofisa aandikaye jina la kubahatisha huweza kumtia hatiani mfanyabiashara mwaminifu wa rubrum, au kumwacha apite yule aliyebeba matawi yaliyokua kwa miaka hamsini. Aandikaye kwa uaminifu kile alichokiona, hata kama hajui jina lake, amemwachia mtaalamu mahali pa kuanzia.