Macho kumtoka mtu si uchawi

Ukimwona mama jirani macho yamemtoka, kope hazifungiki sawasawa, anakutazama kama aliyeona nyoka, unafikiria nini kwanza? Sema ukweli. Hapa Ganze jibu la haraka ni jini, au karogwa, au mbaya zaidi, yeye ndiye mchawi.

Usiniambie ni utani tu. Kilifi hii, mvi pekee zimetosha kumtia mzee mashakani. Wapo waliokimbilia Kaya Godoma, papa hapa Ganze, kwa sababu kubaki nyumbani baada ya kuitwa wachawi ni kungoja panga. Sasa ongeza macho ya kutokeza, halafu tukae barazani tukicheka!

Kwa mtu mzima, mara nyingi chanzo ni tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Kinga ya mwili huichokoza, ikamwaga homoni kupita kiasi. Kinga hiyohiyo huvimbisha misuli na mafuta nyuma ya jicho, nalo halina pa kwenda ila mbele. Ugonjwa huo huitwa Graves, na huwapata wanawake zaidi. Utamwona anakula vizuri lakini anakonda, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, joto linamshinda hata msimu wa kusi. Damu inapimwa, dawa zipo. Nawe unayevuta sigara, jua moshi huzidisha hayo ya macho.

Mtoto je? Jicho likimtoka, usingoje kesho. Akiwa na homa na kope imevimba, nyekundu, huenda ni maambukizi nyuma ya jicho, na yanaweza kufika kwenye ubongo. Pengine taya nalo limevimba: hapo kuna saratani ya Burkitt, ambayo Dkt Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akifanya kazi Kampala. Hukua haraka mno, ila ikiwahiwa husikia dawa. Na ukimpiga mtoto picha kwa flashi ya simu, mboni moja ikang'aa nyeupe, usiifute picha hiyo. Mpeleke kwa daktari nayo, maana saratani ya jicho hujionyesha hivyo kabla jicho halijatoka.

Najua, kutoka Bamba hadi hospitali ya Kilifi mjini si nauli ya kuokota. Lakini hebu piga hesabu ya kuku, mbuzi na vitambaa atakavyoitisha mganga, halafu uniambie ghali ni ipi.