Mwalimu wa Lugha na Masomo ya Mtandaoni

Sisi tunaojiandaa kufundisha Kiswahili katika shule za msingi za Kilosa na Mikumi hatuupingi mtandao. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, maelfu ya walimu wa nchi hii walifunzwa wakiwa kazini, kwa posta na redio. Na redio, angalau, ilikuwa na sauti. Leo Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania hutupatia vitabu vya kiada, nasi twashukuru.

Tatizo ni kwamba kazi tunazopewa mtandaoni karibu zote hutaka tuandike. Mwanachuo aweza kueleza barabara namna ya kufundisha sauti dh, akapata alama zote, kisha akasimama mbele ya darasa la kwanza na kutamka “zahabu”. Darasa zima litamwiga. Mtoto ambaye nyumbani kwao husemwa Kividunda au Kisagara huenda hana mwingine wa kumsahihisha.

Twashauri kazi moja ya kila muhula iwe ya sauti: mwanachuo ajirekodi akifundisha, mkufunzi amsikilize. Video itatumaliza bando (wenzetu wanajua), sauti ni nyepesi. Asiye na simu arekodiwe kwa simu ya mkufunzi, wala asipunguziwe alama.