Notisi isiyofika isihesabiwe siku

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nitoe dukuduku langu juu ya notisi za faini za mwendo kasi, na hasa juu ya namna zinavyofikishwa, au tuseme zisivyofikishwa, kwa mtu anayedaiwa.

Mimi ni mkaazi wa Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari ya Mkoani, Kusini Pemba. Najua wapo wasomaji watakaocheka. Mtu wa Makoongwe na tochi ya trafiki wapi na wapi? Kwetu chombo ni cha baharini, na sijasikia bado askari aliyesimamisha ngarawa kwa kuwa imekwenda mbio. Lakini ninalo gari. Ni kirikuu, nililolinunua kwa fedha za karafuu za misimu miwili na mkopo kidogo. Gari lenyewe liko Tanga, na anayeliendesha ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayechukua mizigo ya watu kati ya Tanga, Muheza na Segera. Wapemba wengi tuna ndugu Tanga, na mali zetu hufuata ndugu zetu.

Siku moja mwaka jana mpwa wangu alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Mjomba, mie nahisi leo nimepigwa tochi." Nikamwuliza, umesimamishwa? Akasema la. Umepewa karatasi? La. Alimwona askari kando ya njia, baada ya kibao cha 50, amekielekeza kile chombo barabarani, na yeye hakuwa amepunguza mwendo sawasawa. Akapita, akatazama kwenye kioo, hakuna aliyempungia mkono. Nikamwambia, basi tungoje.

Tukangoja. Na hapa ndipo penye swali langu lote, Ndugu Mhariri. Mtu anangoja nini, na kwa muda gani? Wiki ya kwanza nilimpigia simu mpwa wangu kila siku. Wiki ya pili nikapunguza. Wiki ya nne nikasema labda chombo kile hakikumnasa, au askari alimhurumia. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyeandika, hakuna aliyepiga simu.

Kiasi cha miezi mitatu baadaye gari lilisimamishwa kwa ukaguzi wa kawaida. Askari akaingiza namba ya gari katika mashine yake, akamwambia kijana, gari hili lina madeni mawili ya mwendo kasi, na yote yamepitiliza muda, kwa hiyo kila moja lina nyongeza ya kuchelewa juu ya shilingi 30,000. Gari haliondoki mpaka yalipwe. Ndani ya gari kulikuwa na matenga ya nyanya ya mtu. Nililipa. Nyanya haingoji mabishano.

Lile deni la kwanza silibishii. Siku ililingana na siku aliyonipigia simu mpwa wangu, na kijana mwenyewe alikiri. Kibao cha 50 hakiwekwi kwa ajili ya kupamba barabara. Pale kuna watoto wanaovuka kwenda shule na akina mama wenye ndoo kichwani, na anayepita kwa mwendo wa 70 anabahatisha roho za watu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayotumika Bara, imeweka kilometa 50 kwa saa mahali penye makazi, nami naiunga mkono. Sisi Zanzibar tunayo sheria yetu ya usafiri wa barabarani, Namba 7 ya mwaka 2003, na magari ya Mkoani na Chake Chake nayo yanahitaji kuangaliwa. Kwa hiyo asije mtu akasema huyu mzee anawatetea madereva wakorofi.

Shida ni deni la pili. Nilipoambiwa tarehe yake nilimgeukia mpwa wangu kwa hasira. Nilimwambia umenificha. Nikamkata fedha hiyo katika sehemu yake ya mwezi. Yeye akasema, "Mjomba, siku hiyo gari lilikuwa juu ya magogo, giaboksi imeshushwa." Sikumwamini. Dada yangu, mama yake, hakusema nami kwa siku kumi, na kwa kisiwa kama chetu siku kumi ni nyingi, maana kisima ni kimoja na msiba ni mmoja. Mwishowe kijana akanitumia, kwa mkono wa mtu aliyekuja kwa meli, risiti ya fundi. Tarehe iko pale kwa kalamu ya wino. Gari liliingia gereji siku mbili kabla ya kosa na likatoka siku tatu baada yake.

Basi nani alipita mbele ya tochi siku ile? Huenda ni gari jingine, na herufi moja ya namba ikasomwa vibaya. Huenda mtu alikosea kuandika. Binadamu hukosea, sina kinyongo juu ya hilo. Lakini kosa la namna hiyo husahihishwa mapema kama mtu ataambiwa mapema. Ningeambiwa ndani ya wiki moja, fundi angekumbuka, jirani wa gereji angekumbuka, na picha, kama ilikuwapo, ingetazamwa. Baada ya miezi mitatu nimebaki na kipande cha karatasi na fedha imekwisha ingia Hazina.

Nilimwuliza askari kwa simu, kwa adabu, notisi ilikwenda wapi? Akanijibu, kwa adabu pia, kwamba deni lilikuwa katika mfumo tangu siku ya kosa, na mwenye gari anaweza kulitazama wakati wowote kwa kuingiza namba ya gari lake. Nikamwambia mimi ninacho kitochi. Wasomaji wanakijua kitochi, kile kisimu cha vibonyezo chenye taa mbele. Serikali ina tochi nami nina kitochi, lakini hizi mbili hazisemezani.

Lazima nikiri kosa langu, maana barua ya malalamiko isiyokiri kosa la mwandishi haina uzito. Gari nililinunua kwa mtu, na kwa miezi minane sikuwa nimebadilisha jina la umiliki. Nilisema nitakwenda, nitakwenda. Kwa hiyo hata kama ujumbe ungetumwa, ungekwenda kwa mwenye gari wa kwanza, ambaye hana haja nami tena. Hilo ni uzembe wangu na nimekwisha lirekebisha. Wenye magari wenzangu, fanyeni haraka. Lakini uzembe wangu haukumfanya mpwa wangu aendeshe gari lisilo na giaboksi.

Ndugu Mhariri, wengine watasema hayo ndiyo maendeleo, mashine imechukua nafasi ya karatasi. Mimi nakumbuka samansi ilivyoletwa hapa Makoongwe miaka ya nyuma katika kesi ya minazi michache iliyogombewa na ndugu wawili. Tarishi wa mahakama alivuka kutoka Mkoani kwa mashua, suruali imeloa mpaka magotini. Akaenda kwanza kwa sheha. Sheha akafuatana naye mpaka mlangoni kwa mdaiwa, wakamsomea, akatia dole gumba kwa kuwa kuandika hakujui. Tarishi akarudi na nakala yake, akaapa mbele ya mahakama kwamba ameifikisha, siku gani, mbele ya nani. Mdaiwa angekataa kuipokea, utaratibu upo wa kuibandika mlangoni, na hilo nalo huapiwa. Yote hayo kwa minazi. Mahakama haikusema samansi imo kabatini mwetu Mkoani, yeyote anayehisi ameshitakiwa aje aitafute.

Hata hiyo sheria ya 1973 kwa msingi wake ilimtazama mtu ana kwa ana. Askari humpa mtuhumiwa notisi ya kosa. Akikiri, hulipa faini na yamekwisha. Asipokiri, ana haki ya kwenda kujitetea mahakamani. Utaratibu mzuri kabisa, wala hauchoshi mahakama kwa mambo madogo. Lakini wote unasimama juu ya jambo moja, kwamba mtu ameipata notisi. Hawezi kukiri wala kukana kitu ambacho hajaambiwa. Na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Sidhani waliotunga walisema isipokuwa wa visiwani.

Si sisi peke yetu tunaohangaika na jambo hili. Wenzetu wa Uganda, mwezi wa Juni 2025, walianza kutoza faini za mwendo kwa kamera za barabarani zinazotuma madai zenyewe. Wenye magari wakapiga kelele kwa wingi wa faini na ufupi wa muda wa kulipa, na mwezi ule ule serikali yao ikausimamisha utaratibu ili uangaliwe upya. Uingereza, ambako kamera zimekuwapo siku nyingi, sheria yao ya mwaka 1988 inataka kwamba dereva asipoonywa pale pale, basi kwa kawaida taarifa ya kosa la mwendo imfikie mwenye gari aliyeandikishwa ndani ya siku 14. Ikichelewa kwa uzembe wa wahusika, mashitaka huanguka. Mzigo wa kufikisha wameubeba wanaodai. Mwenye gari naye ana mzigo wake, wa kuandikisha anwani ya kweli na kumtaja aliyekuwa akiendesha. Hapo nimeona pana usawa.

Kwetu naona muda usihesabiwe tangu siku ya kosa, bali tangu siku mtu alipoarifiwa, na hiyo nyongeza ya kuchelewa isianze kabla ya hapo. Mtu aliyearifiwa akakaa kimya, aongezewe, hata maradufu. Taarifa yenyewe iseme mahali, saa, mwendo uliopimwa, na picha ioneshe namba ya gari. Ile niliyosomewa mimi ilikuwa na tarehe na jina la kosa basi. Kwa mwenye simu kubwa, ujumbe unatosha. Kwa sisi wengine, masheha wapo na wenyeviti wa vijiji wapo. Sheha wa hapa anajua nani amelala nyumba gani, nani amekwenda dago na atarudi lini. Barua ikifika Mkoani asubuhi, jioni iko mkononi mwa mwenyewe, kwa sababu boti zinavuka kila siku na watu wetu hawakatai kuchukua barua ya mtu.

Nimesikia hoja kwamba itakuwa gharama, na kwamba wa Makoongwe wenye magari ni wachache. Ni kweli tu wachache. Lakini wahesabuni na wa Kisiwa Panza, wa Kojani, wa Fundo, wa Tumbatu, na huko Ziwa Victoria wa Ukerewe, na wale wa Bara walioko vijijini ambako gari la abiria hupita mara moja kwa siku. Wengi wao hawana gari, lakini wana pikipiki waliyompa kijana aendeshe bodaboda mjini, na mwisho wa mwezi kijana analeta hesabu pungufu na maelezo marefu. Mwenye chombo hajui kama anaibiwa na kijana au anadaiwa na serikali. Mimi nimeonja hilo, na nilimdhulumu mtoto wa dada yangu kwa sababu hiyo. Fedha yake nimemrudishia na radhi nimemwomba mbele ya mama yake.

Limebaki jambo la mahali pa kulalamikia. Niliambiwa kama napinga deni la pili niende huko huko lilikoandikwa. Nivuke mpaka Mkoani, nipande meli mpaka Tanga, nilale, asubuhi nitafute gari mpaka kituoni, nimngoje mhusika ambaye pengine yuko doria, halafu nirudi. Nauli peke yake inapita faini. Kila mwenye akili atalipa asilodaiwa, na nadhani wengi wamekwisha fanya hivyo bila kuandika barua kwa gazeti. Kama deni linaweza kuonekana katika mashine popote nchini, kwa nini utetezi usiweze kupokelewa popote, hata hapo Mkoani, ukapelekwa kwa njia hiyo hiyo?

Risiti ya fundi ninayo, nimeifunga katika nailoni isiloe. Nawauliza wahusika, kupitia gazeti hili, niipeleke wapi?

Mwenye Kirikuu,
Makoongwe, Mkoani,
Pemba.