Chombo cha Kuuliza Kimefanywa Chombo cha Kunakili

Mwezi wa Agosti 2022 makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba katika nchi yetu yote, toka Kigoma mpaka Pemba. Kila karani alishika kishikwambi. Alipiga hodi, akakaribishwa, akauliza: Mlilala wangapi katika nyumba hii? Nani anajua kusoma na nani hajui? Maji ya kunywa mnayapata wapi? Kwa maswali hayo madogo Taifa likajijua. Tukaonekana kuwa watu 61,741,120.

Sensa ilipokwisha, vishikwambi vile havikufungiwa makabatini, viligawiwa walimu. Shauri hilo lilikuwa jema, na mtu yeyote asidhani kuwa leo tunaandika kulipinga. Tunaandika kwa sababu tumeona jinsi chombo kilichohesabu Taifa kinavyotumiwa kikishavuka mlango wa darasa.

Majuzi tulikuwa katika safari ya Chama, tukafika kijiji kimoja. Hatutakitaja, maana kosa si la kijiji kile peke yake. Tuliingia darasa la sita, saa nne asubuhi. Mwalimu alikuwa na kishikwambi mkono wa kushoto na chaki mkono wa kulia. Alisoma kwenye kioo, akaandika ubaoni: “Kazi za Serikali ya Kijiji ni hizi zifuatazo.” Watoto wakanakili. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Kengele ikalia, madaftari yakafungwa, somo la uraia likawa limekwisha.

Dirisha la darasa lile linatazamana na ofisi ya kijiji. Katikati yao ni uwanja wa mpira tu. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na nje palikuwa na ubao wa matangazo wenye karatasi imebandikwa. Tuliomba ruhusa kwa mwalimu, tukawauliza watoto: Ile ni ofisi ya nani? Wakajibu kwa sauti moja: “Ya Serikali ya Kijiji!” Nani kati yenu amepata kuingia mle? Kimya. Karatasi ile iliyobandikwa nje inasema nini? Kimya. Mwishowe binti mmoja akanyosha mkono, akasema kwa adabu: “Mwalimu hajatuambia.”

Neno lile limetukaa moyoni, na ndilo linalotufanya tushike kalamu.

Tukumbuke tulikotoka. Katika shule ya mkoloni mtoto aliulizwa: Nani aligundua Mlima Kilimanjaro? Jibu lililotakiwa ni Johannes Rebmann, mwaka 1848. Mtoto wa Kichaga, ambaye babu yake na babu wa babu yake walilima migomba chini ya mlima ule, na kunywa maji ya mifereji itokayo juu yake, alipaswa kuandika kuwa mlima wao uligunduliwa na mgeni aliyeuona kwa mbali. Asipoandika hivyo, amekosa.

Wengi wetu tunadhani kasumba ilikuwa katika jibu lile tu. Kasumba kubwa zaidi ilikuwa katika namna ya kufundisha. Swali lilikuwa la mkoloni, jibu lilikuwa la mkoloni, na mtoto alikuwa kasuku wa katikati. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, na Zanzibar ilipofanya Mapinduzi mwaka 1964, tulibadili majibu. Tulimtoa Rebmann tukamweka Kinjekitile Ngwale. Tulifanya vyema. Lakini ukasuku ulibaki umekaa pale pale kwenye dawati. Mtoto anayemkariri Kinjekitile kama babu yake alivyomkariri Rebmann amepewa jibu jipya; akili mpya bado hajapewa.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi wa Machi 1967, alitaka shule zetu zimjengee mtoto akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa yasiyomfaa, na imani juu ya nafsi yake mwenyewe. Ni zaidi ya nusu karne sasa. Na mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 nao unasema mtoto ajenge umahiri, yaani aweze kutenda. Basi tatizo letu si uhaba wa maneno mazuri. Maneno tunayo ya kutosha.

Wala hatukosi mifano. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kwa wazee wa sehemu zilizopigana Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907. Waliuliza, wakaandika waliyosimuliwa. Yaliyokuwa vichwani mwa wazee, ambayo ripoti za Wajerumani zisingetuambia kamwe, yakawa historia ya Taifa. Vijana wale hawakungoja kitabu kiletwe. Walikwenda kukitafuta kitabu kwenye baraza za wazee.

Tena mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo cha kisasa cha siku zile kilikuwa redio. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, vijijini na mijini, wakiwa na kitabu chao na kiongozi wao. Walisikiliza kipindi, na kipindi kikiisha ndipo kazi ilipoanza. Walijadiliana: Sisi hapa malaria inatujia kwa njia gani? Choo chetu kikoje? Halafu walichukua majembe wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio ilisema kidogo. Watu walisema zaidi. Mikono ilifanya zaidi ya yote. Huo ndio mpango sahihi wa mashine na mwanadamu katika masomo ya jamii. Darasa tuliloliona lilikuwa limeupindua mpango huo juu chini: mashine ilisema yote, na watoto wakabakiwa na kalamu ya kunakili.

Wako watakaosema: Basi tuondoe mashine, turudi kwenye ubao. Hatusemi hivyo. Ubao nao unaweza kufundisha ukasuku, na umeufundisha miaka mingi. Tunasema kila chombo kipewe kazi ya kuuliza, na chombo chenyewe kiulizwe pia.

Chukueni ramani. Ramani ya dunia inayoonekana mara nyingi kwenye vitabu na vioo vya mashine inatokana na mchoro wa Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa kwa ajili ya mabaharia. Mchoro huo huzikuza nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Mtoto akiutazama ataona Greenland inakaribia kulingana na Afrika. Kumbe Afrika ina kilometa za mraba milioni 30, na Greenland milioni mbili na kidogo. Sisi ni wakubwa mara kumi na nne! Umoja wa Afrika wenyewe mwaka 2025 uliunga mkono kampeni ya kuachana na ramani hiyo. Je, mwalimu angoje ramani mpya kutoka ng’ambo? Hata kidogo. Akate vipande vya karatasi vilivyo sawa, kila kimoja kiwe kilometa za mraba milioni moja. Watoto wapange vipande 30 hapa na viwili pale, halafu watazame tena kioo cha kishikwambi. Siku hiyo watajifunza jiografia, na watajifunza jambo kubwa kuliko jiografia: kwamba mashine nayo huweza kukosea, na mtoto wa shule ya kijijini anaweza kuisahihisha.

Chukueni hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 1967 ilitupata watu milioni 12 na laki tatu hivi. Ile ya 2022 ilitupata milioni 61 na zaidi. Mwalimu alete maharage: punje moja ni watu milioni moja. Rundo la 1967 lina punje 12, la 2022 lina 62. Kila mtoto ataona kwa macho kuwa tumekuwa mara tano. Sasa waulize wenyewe: Je, visima vya kijiji chetu vimekuwa mara tano? Mashamba je? Madarasa je? Watoke, wahesabu, wawaulize wazee visima vilikuwa vingapi zamani. Hapo kishikwambi kinarudia kazi yake ya heshima. Kinapiga picha ya kisima, kinanasa sauti ya bibi anayekumbuka, kinaweka hesabu ya kaya. Kinakuwa tena karani wa Taifa.

Na chukueni ile ofisi ng’ambo ya uwanja wa mpira. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unatakiwa kukutana kila miezi mitatu. Hayo mtoto anaweza kuyakariri kwa dakika kumi. Lakini avuke uwanja na daftari lake, amwamkie mwenyekiti shikamoo, aulize: Mkutano wa mwisho ulikuwa lini? Walikuja watu wangapi? Karatasi hii ya mapato na matumizi inasema fedha za maji zimetumika wapi? Huo ndio uraia.

Hapa, ndugu, ndipo penye mwiba wenyewe. Wako viongozi wanaopenda mtoto ajue kazi nane za Serikali ya Kijiji, mradi asijue kama zinafanywa. Wanakuja shuleni siku ya kukabidhi vifaa, wanapigwa picha, wanapigiwa vigelegele. Lakini mtoto akiuliza habari ya fedha za maji huambiwa hana adabu. Nani aliyewaambia kuwa adabu ni kufumba macho? Na sisi wa Chama tusijitoe. Baadhi ya viongozi hao wana kadi kama zetu, na baadhi yetu tulikuwapo pale tukipiga makofi. Kiongozi anayeogopa swali la mtoto wa darasa la sita ana jambo analolificha, na Chama kilichozaliwa kwa kumwuliza mkoloni maswali hakina haki ya kumlinda.

Mwalimu hatumlaumu kuliko anavyostahili. Tumesoma chuo cha ualimu, tunaujua mzigo wake. Atatuambia kuwa ana watoto mia katika chumba kimoja. Kweli, na chumba hicho ndicho sababu ya kuwatoa nje: vikundi kumi vya watoto kumi kumi, kila kikundi na mzee wake au kisima chake. Kishikwambi kimoja kinatosha kuzunguka vikundi vyote. Atatuambia hakuna umeme. Maharage hayahitaji umeme, na ramani ya kijiji huchorwa mchangani kwa kijiti. Atatuambia kuna mtihani. Mtoto aliyeisoma karatasi ya mapato na matumizi hatashindwa kuandika kazi za Serikali ya Kijiji. Lakini aliyezikariri tu hatajua karatasi ile ni kitu gani. Na kama mtihani unapima kukariri peke yake, basi tuudai ubadilike, badala ya kuwageuza watoto wafanane nao.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu, na tunayataka yajadiliwe katika kila tawi.

Kwanza, kila muhula, kila shule ya msingi iwapeleke watoto wa madarasa ya juu katika ofisi ya kijiji au ya mtaa, na viongozi wakae wawajibu. Wanachama wetu walio katika Halmashauri wawe wa kwanza kufungua milango.

Pili, mwalimu anapopewa mashine afundishwe pamoja nayo namna ya kuitumia kuuliza na kukusanya habari za mahali pake. Kumwonyesha pa kuwashia na pa kusomea hakutoshi.

Tatu, kila shule ianze kitabu chake cha kijiji, kilichoandikwa na watoto wenyewe kutoka vinywani mwa wazee. Wazee waliouona Uhuru wakiwa vijana wanapungua kila mwaka. Mzee akifa bila kuulizwa, hakuna mashine itakayotuambia alichokijua.

Binti yule wa darasa la sita ana miaka kumi na miwili hivi. Baada ya miaka sita atakuwa na haki ya kusimama katika Mkutano Mkuu wa Kijiji chake. Hatapewa miaka mingine ya kujifunza kuuliza. Miaka ni hii hii, na kila kipindi anachonakili kimepotea. Tukimwacha alivyo, atakaa nyuma ya mkutano akingoja aambiwe, na wenye kuficha watafurahi. Samaki mkunje angali mbichi. Walimu, wazazi, wanachama: kesho asubuhi, kabla ya kengele ya saa nne, wavusheni watoto ule uwanja.