Msituite Jua Likishazama

Kwa miaka 29 nilikuwa afisa ustawi wa jamii, kazi yangu kubwa ikiwa mashauri ya watoto, na sasa nimestaafu. Mitaani nilijulikana kwa jina la Mama Ustawi. Wapo walioniita hivyo kwa mapenzi, na wapo waliolitumia jina hilo kuwatishia waume zao: "Endelea tu, nitakupeleka ustawi!" Sikuchukizwa. Lakini kuna jambo lililoniuma tangu mwaka wangu wa kwanza kazini hadi siku niliyokabidhi funguo za kabati la mafaili, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Tunaitwa tumeshachelewa. Mtoto anateseka mwaka mzima. Jirani anajua, shangazi anajua, mwalimu anajua, mjumbe anajua. Afisa ustawi anaitwa siku mtoto anapobebwa kwenda hospitali.

Nakumbuka nyumba moja ya kupanga, vyumba sita, ukumbi katikati, ua mmoja, bomba moja, choo kimoja. Wengi wenu mnazijua nyumba hizo kwa kuwa ndimo tulimokulia. Mpangaji wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha sita humwambia pole. Katika chumba cha tatu aliishi mtoto yatima wa miaka 8, analelewa na ndugu wa marehemu baba yake. Nilipoitwa, mtoto alikuwa tayari wodini, mkono umeungua kwa maji ya moto kuanzia kiganja hadi kiwiko. Niliwahoji wapangaji mmoja mmoja. Wote walikuwa wamesikia, tena si siku ile tu. Mama mmoja muuza maandazi, mcha Mungu, mtu wa watu, alijifunika uso kwa upande wa khanga akaniambia: "Mama, akianza kupigwa mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio. Nilikuwa siwezi kuvumilia kumsikia."

Sikumgombeza. Alikuwa akilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini redio ile ilikuwa kwa ajili ya nani? Na mtoto aliposikia muziki unapanda upande wa pili wa ukuta, alielewa nini? Alielewa kwamba wanamsikia.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika nyumba zetu za kupanga na vijiji vyetu, kata ni jirani. Ofisi yangu ilikuwa halmashauri, mwendo wa saa nzima kwa daladala, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo ya karibu mnayo ninyi mnaochota maji bomba moja na huyo mtoto. Najua mtaniambia kwamba kupeleka nje habari za nyumba ya mwenzio ni umbeya. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 haioni hivyo. Kifungu cha 95 kinamtwika kila mwanajamii wajibu: akiwa na ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi au mlezi mwenye uwezo anamnyima mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu au elimu, atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wa eneo lake. Kifungu hicho kinataja hata haki ya kucheza. Hata kucheza, ndugu zangu. Mtoto asiyeruhusiwa kamwe kutoka kucheza na wenzake ni habari ya kupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mujibu wa sheria za nchi hii.

Wengi hawaji kwa sababu wanadhani afisa ustawi hufika na gari na polisi akamng'oa mtoto mikononi mwa mama yake. Basi niwaeleze tunavyofanya tukiitwa mapema. Mimi nilikwenda kwa bodaboda au kwa miguu, daftari mkobani. Nilipiga hodi kama mgeni yeyote, nikapewa kigoda, nikaomba maji ya kunywa. Maji hayo yalinifundisha mengi: ni nani anayetumwa kuyaleta, na anatumwa kwa sauti gani. Kisha nilitazama kamba ya nguo. Je, nguo za mtoto huyu zimeanikwa pamoja na za wenzake, au zimetupwa peke yake juu ya uzio? Analala wapi, na shuka lake liko wapi? Chakula kikitengwa anakula kwa utulivu, au anaizungushia sahani mkono kama mtu anayeogopa kunyang'anywa? Sikumwuliza mtoto nani anakupiga, maana ukimwuliza hivyo anatazama mlangoni. Nilimwuliza nani huamka wa kwanza hapa nyumbani, nani hupika, ukiumwa nani hukaa nawe, ukilia usiku nani huja.

Binti mmoja wa darasa la pili alinijibu swali hilo la mwisho hivi: "Silii usiku. Nimeshazoea." Faili lake lilianza na maneno hayo. Aliyetuletea habari zake alikuwa mwalimu wake, aliyeona mtoto anasinzia kila siku kipindi cha kwanza na akakataa kuamini kwamba ni uvivu. Kumbe mama yake alifanya kazi ya usiku, hana ndugu mjini, akawa anamfungia ndani kwa kufuli tangu saa moja jioni mpaka alfajiri. Mama yule hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka na yuko peke yake. Tulimtafuta baba wa mtoto kwa barua za wito, ya kwanza, ya pili. Ya tatu aliitikia, akatia saini ya kutoa matunzo. Mama mtu mzima wa nyumba ya jirani alikubali mtoto alale kwake zamu za usiku. Niliwatembelea kila wiki, kisha kila mwezi. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyepelekwa kwenye makao ya watoto, na yule binti aliendelea kulala karibu na mama yake siku zote za mapumziko. Linganisheni shauri hilo na la yule wa mkono ulioungua. Lile lilihitaji hospitali, polisi, mahakama, na mwishowe kumtafutia mtoto nyumba nyingine kabisa. Maofisa walikuwa walewale na sheria ni ileile. Tofauti ilikuwa siku ya kuitwa.

Hapo niseme neno kwa akina baba. Zamani sheria iliyohusu matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, fedha ambayo miaka ya mwisho ya sheria hiyo haikutosha hata nauli ya mama kuja ofisini kuichukua. Sheria ya mwaka 2009 iliifuta, na sasa hutazamwa mahitaji ya mtoto na uwezo wa wazazi wote wawili. Baba anayekimbia barua ya wito kwa kuwa amegombana na mama anamnyima chakula mtu wa tatu ambaye hakuwapo kwenye ugomvi huo. Njooni ofisini. Tunawasikiliza akina baba pia.

Sasa nije kwenye donda lenyewe, ambalo kwa lugha ya mitaani tunaliita kuyamaliza nyumbani.

Nilipata kuletewa karatasi ya makubaliano. Msichana wa miaka 14 alikuwa amepewa ujauzito na mtu mzima mwenye duka. Wazee wa pande mbili walikaa barazani, wakanywa kahawa, wakapatana: mbuzi wawili na shilingi laki tatu, na jambo lisisemwe tena. Chini kulikuwa na dole gumba la baba na saini za mashahidi wanne. Jina la msichana halikuwamo. Aliandikwa "mtoto wa kike". Na ile karatasi ilikuwa imechanwa katikati ya daftari la Hisabati, daftari lake mwenyewe, mistari ya kuchora pembetatu bado inaonekana upande wa nyuma.

Wazee wangu, nawaheshimu, na nimekaa nanyi katika mabaraza mengi. Mnajua kupatanisha mipaka ya mashamba, mahari, mirathi na ugomvi wa mke na mume kuliko hakimu yeyote. Jambo hili halimo mikononi mwenu. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume akimwingilia binti wa chini ya miaka 18 ambaye si mkewe amebaka, hata binti akisema alikubali, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kosa hilo ni dhidi ya Jamhuri. Baba hana uwezo wa kulisamehe kwa mbuzi, wala mjomba kwa laki tatu. Tena tazameni kilichofuata baada ya kahawa ile: mbuzi waliliwa, fedha zikaezeka nyumba, mwenye duka akaendelea kuuza sukari hatua hamsini kutoka pale msichana alipokuwa akichota maji. Kila siku alipita mbele ya duka hilo na ndoo kichwani.

Wala msidhani mambo haya ni ya kaya chache zilizolaaniwa. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7 hivi, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopata ukatili wa kupigwa walikaribia robo tatu, wa kike kwa wa kiume. Someni tena hesabu ya wavulana. Mwana wa kiume naye hunyamaza, tena hunyamaza zaidi, kwa kuwa tumemfundisha kwamba mwanamume halii.

Kuhusu kupigwa, najua methali itakayoletwa: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nami nimelea, na sikuwaachia wanangu wafanye watakavyo. Sheria yetu nayo haikumnyima mzazi kumrudi mwanawe. Imeweka mpaka: adhabu isizidi kiasi kwa umri na hali ya mtoto, na haina uhalali wowote kwa mtoto mdogo asiyeweza kuelewa kwa nini anaadhibiwa. Nimewaona watoto wa miaka miwili wenye alama za waya wa umeme mgongoni kwa sababu wamejikojolea. Methali ile haikutungwa kwa ajili ya waya wa umeme.

Liko swali moja gumu, nami sitalikimbia kwa kuwa nimeulizwa na wanawake wenye akili timamu na uchungu wa kweli: "Mama Ustawi, huyu baba akifungwa, nani atatulisha?" Kwa mashauri mengi jibu ni jepesi, maana uzembe wa malezi na kutotoa matunzo havianzii jela, vinaanzia kwenye kigoda na mazungumzo, kama nilivyoeleza. Lakini pale ambapo baba mwenyewe ndiye aliyemharibu mwanawe, jela ndiyo haki, na njaa itakayofuata ni ya kweli. Mama asiachwe peke yake na njaa hiyo. Ukoo uliokuwa tayari kuchanga nauli za kwenda kumwombea mshitakiwa dhamana uchange unga wa watoto. Misikiti na makanisa yafanye hivyo hivyo. Na serikali, inayomtaka mama asimame kizimbani kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, ihakikishe jioni ile jiko lake limewaka. Hapo bado tuna deni kubwa, na nalikiri.

Sisi wenyewe pia tuna makosa. Alhamisi moja alikuja ofisini kwangu kijana muuza mkaa akanieleza habari za mtoto wa mtaani kwao. Gari lilikuwa safarini, mfukoni sikuwa na nauli, na mezani nilikuwa na taarifa ya kupeleka mahakamani kesho yake. Nilimwambia nitakuja Jumatatu. Jumatatu nilimkuta mtoto hospitali. Alipona, lakini yule muuza mkaa nilipokutana naye tena hakunisalimu, na alikuwa na haki. Mtu akishajitoa kusema, kumwambia "njoo kesho" ni kumfundisha kunyamaza maisha yake yote. Maafisa vijana mliochukua nafasi zetu, kama hamna gari tembeeni, kama hamwezi kutembea mpigieni simu mtendaji wa kata akatazame siku hiyo hiyo.

Na waheshimiwa madiwani, bajeti ya halmashauri ikisomwa, ulizeni fungu la ustawi ni shilingi ngapi, na ulizeni kata ngapi hazina afisa. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, ulielekeza ziwepo kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Ya mtaa wenu ilikutana lini mara ya mwisho? Mwenyekiti wake ni nani? Kama hamjui, mtoto hawezi kujua.

Kwako msomaji, ombi langu ni dogo. Ukimsikia mtoto wa upande wa pili wa ukuta, asubuhi nenda kwa mwenyekiti wa mtaa umweleze ulichosikia na mara ngapi umekisikia. Huhitaji ushahidi wa mahakamani; kutafuta ushahidi ni kazi yetu. Akikupuuza, nenda kwa mtendaji wa kata. Naye akikupuuza, njoo ofisi ya ustawi halmashauri, au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Ukiogopa kuonekana, piga namba 116. Ni simu ya mtoto, na kupiga ni bure.