RIBA YA IKIMINA NAYO NI RIBA



Ndugu zangu Waislamu wa Rusizi, kila nikizungumzia riba darsani naulizwa swali lile lile: "Ustadh, pesa za ikimina si zetu wenyewe? Mwisho wa mwaka tunagawana. Riba iko wapi?"

Iko kwa mama aliyekopa. Tuseme amechukua faranga 100,000, amenunua mbuzi jike wawili, na ikimina inamtoza asilimia 5 kila mwezi. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Hata wakipandwa wiki ile ile waliyofika nyumbani, siku wanapozaa mama keshatoa 25,000, na deni la 100,000 liko pale pale. Mbuzi akifa kwa kuhara, deni halifi. Na mgao wa mwisho wa mwaka mkubwa anauchukua nani? Mwenye duka, mwenye hisa nyingi, ambaye hakukopa hata faranga moja. Huko ndiko mnakoita kugawana wenyewe!

Allah (S.W.) ametangaza vita juu ya wala-riba katika Suratul Baqara, aya ya 279, na aya inayofuata inaamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Sijaona aya inayoitoa ikimina. Na katika hadithi ya Jabir (R.A.) iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (S.A.W.) amemlaani mlaji, mlipaji, mwandishi na mashahidi wawili. Katibu anayeshika daftari asijidanganye.

Lakini lawama kubwa ni yetu sisi tunaopanda mimbari. Tunapiga kelele haramu, haramu, kisha mama akija kuazima 20,000 tunatazama saa. Atakwenda wapi? Girinka ilipoanza mwaka 2006, familia maskini ilipewa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza akapewa jirani. Riba haikuingia pale. Msikiti unashindwaje kufanya hivyo kwa mbuzi?

Na wenye mali waingie mudharaba: wewe toa mtaji, mwenzio afuge, faida mgawane kwa fungu mliloafikiana. Mtaji ukipotea bila uzembe wake, hasara ni yako. Hapo ndipo wengi hunyamaza. Mbuzi hai wanamtaka, aliyekufa awe wa mfugaji.

Ijumaa baada ya swala nitakaa mlangoni na daftari. Nimeshajiandika wa kwanza, mbuzi jike mmoja.

Wabillahi tawfiq.