Libanga imefika mpaka ku mazabahu

Vijana wenzetu wa Likasi, Kikula, Panda na Shituru,

Tuanze na kitu chenye wengine wanafikiri kinatuletea haya: sisi ni wakristo, na wa ile aina ya zamani. Kati yetu kuna wakatolika, kuna wametodisti, kuna wapentekoste, na wengi tuko mu korali. Tunaamini ndoa. Tunaamini zinaa ni zambi, ulevi ni zambi, kuzarau muzazi ni zambi. Kuna muziki yenye hatuwezi kufungua mu nyumba kama mama na wadogo wetu wako, na hatungojee mutu wa sansire kutoka Kinshasa aje kutuambia. Kwa hiyo siku ya Mungu, pasta akipigia makelele zile klipu za wasichana nusu uchi, sisi tunaitika Amina. Hatutanii.

Ni juu ya ile Amina ndiyo tunaandika leo. Sikio ya kanisa yetu inasikia zambi mu muziki, inaona zambi mu nguo, lakini mutu wa politike akiingia na amvelope, sikio inazibana.

Wote tunajua libanga. Mwanamuziki anaimba mapenzi, analia, halafu katikati ya muziki anaanza kutaja: jina ya mufanyabiashara, jina ya waziri, jina ya jenerali, jina ya bibi ya jenerali. Kila jina imelipiwa. Mu Lingala wanasema kutupa libanga, kutupa jiwe. Ile desturi haikuanza jana. Wakati wa Wenge Musica, miaka ya 1990, muziki ingine ilikuwa karibu liste ya majina tu. Na bapasta yetu wanaihubiri vikali: ni kuabudu watu, ni kuuza sauti yenye Mungu alikupa bure. Wako na haki.

Sasa angalia mu kanisa moja ya hapa kwetu, jina yake tunaiacha, wakati uchaguzi ya Desemba 2023 ilikuwa inakaribia. Mutu moja aliingia, mahubiri imekwisha kuanza, na watu wane nyuma yake. Mama muzee mwenye alikuwa ameikala ku kiti ya mbele, mwenye anafikaka mbele ya wote, walimusimamisha, wakamupeleka karibu na mulango. Pasta akakata mahubiri. Akataja jina ya mugeni, akataja cheo, akataja bibi, akataja na vitu: piano moja, bafle mbili, malata ya kufunika upande wenye unavujaka. Korali ikasimama kuimba. Kisha wakamupa mikro, eti asalimie tu waamini. Salamu ilikamata dakika makumi mbili, na namba yake ya kura ilikuwa ndani.

Hii ni nini, kama si libanga? Tofauti iko moja. Mwanamuziki, hata akilipwa namna gani, haseme kama ile jina ni Mungu alimuonyesha usiku mu ndoto.

Na Biblia haikunyamaza. Yakobo, mu barua yake, alizungumuza juu ya mutu wa pete ya zahabu mwenye kuingia mu kusanyiko na kupewa nafasi nzuri, na masikini mwenye kuambiwa asimame kule. Karibu miaka elfu mbili, na kiti ni ile ile. Tunasoma barua ile mu vikundi vya Biblia, tunapiga mustari chini na bik nyekundu, halafu tunamusimamisha mama muzee.

Mwanamuziki, yeye, alilipa bei ya mabanga yake. Kwa miaka mingi Wakongomani wa Ulaya, wale wenye kujiita combattants, walifunga njia ya makonseri mu Paris, juu waliona wanamuziki wanaimbia wakubwa wa Kinshasa. Tarehe 28 Februari 2020, Fally Ipupa aliimba ku Bercy wakati moto ilikuwa inawaka inje, karibu na Gare de Lyon. Hatusifu ile moto, kuchoma vitu vya watu si njia yetu. Lakini mwanamuziki alijua kama kutaja jina ya mukubwa iko na bei. Pasta mwenye kutupa mabanga, yeye analipa nini? Analala vizuri, na piano iko.

Watatuambia: batoto, ninyi munachanganya kanisa na politike. Ah bon. Tuangalie basi nani anachanganya.

Mu 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, na Kardinali Malula, mwenye hakukubali ile njia, akabaki Roma kwa miezi. Mu 1974 Noeli ikatolewa mu siku za mapumuziko. Kila mangaribi, televizyo ilifungua habari na sura ya Guide ikishuka mu mawingu, kama vile Mwana wa Adamu mwenyewe. Ku kazi, ku masomo, mu viwanja, watu walipangwa mistari wacheze na kuimba jina yake. Ndiyo ile animation politique, wazazi wetu wangali wanajua hatua zake. Ile ndiyo libanga kubwa kupita zote: inchi muzima ilitaja jina moja, na haikulipwa hata likuta.

Kanisa ilisimama, si yote, lakini ilisimama. Tarehe 16 Februari 1992 wakristo walitoka mu barabara za Kinshasa kuomba Conférence nationale ifunguliwe tena, ile yenye Monsenyeri Monsengwo aliongoza. Waaskari wakapiga masasi, watu wakakufa na rozari mu mukono. Ilirudia wakati wetu. Tarehe 31 Desemba 2017, kisha 21 Januari na 25 Februari 2018, Comité laïc de coordination iliita watu watoke kisha misa, juu mapatano ya 31 Desemba 2016, yenye maaskofu walisimamia, haikuheshimiwa. Thérèse Kapangala alikuwa na miaka 24 na alitaka kuingia mu masista; walimupiga risasi ku kanisa Saint François de Sales, Kintambo. Rossy Mukendi, mwanaharakati kama sisi, alikufia ku paroise Saint-Benoît, Lemba. Hakuna mwenye aliwapa mikro wasalimie waamini.

Na kisha uchaguzi ya Desemba 2018, ni maaskofu wa CENCO, na waangalizi wao karibu elfu 40, walisema wazi kama hesabu yenye ilitangazwa hailingane na ile yenye wao walikusanya. Sisi vijana tulisoma ile taarifa mu telefoni usiku, tukitafuta rezo juu ya ukuta.

Kwa hiyo tukisikia mukubwa anasema kanisa ikae mbali na politike, tunacheka kidogo. Aprili 2024, prokirere mukubwa alitoa amri Kardinali Ambongo achunguzwe juu ya maneno yenye alisema. Oktoba ya mwaka ule ule, kule Kisangani, Rais akatangaza komisyo ya kutengeneza katiba mupya. Maaskofu wakasema hapana. Wakajibiwa wabaki mu sakristia. Siku askofu anasema neno juu ya katiba, wanamurudisha mu sakristia. Siku ya kampanye, ni wao wenyewe wanakuja kupiga hodi ku mulango ya ile sakristia.

Hapa kuna kitu cha kusema polepole, juu wengi hawajakifikiria. Katiba ya 2006, mu article 220, inakataza kugusa hesabu ya mandati za Rais na urefu wa mandati. Kama siku moja watataka watu wa Likasi waseme ndiyo kwa kitu kingine, wapi watapitia kwanza? Mu bar kuna makelele. Ku soko watu wanakimbilia franga ya siku. Pahali pamoja tu ndipo watu mia tano wanaikala kimya, wanasikiliza sauti moja, na wamezoea kusema Amina. Ile piano na zile malata ni kulipia ile kimya mbele ya wakati.

Ndiyo maana tunaona muziki haitishi kama vile wanatuambiaka. Novemba 2021, komisyo ya sansire ilifunga muziki ya kikundi MPR yenye jina Nini to sali te, pamoja na moja ya Bob Elvis. Kikundi kimechukua jina ya chama ya Mobutu kwa kejeli, na muziki inauliza wakubwa, wa zamani na wa leo, wamefanya nini na inchi. Hatuseme ni ya kuimba mu misa. Watu walipiga makelele, na ile ya MPR ikafunguliwa kisha siku chache. Lakini angalia vizuri: muziki ya mabanga inapita bila shida, asubuhi na mangaribi, yenye kuuliza swali ndiyo inafungwa. Nabii Natani alipofika mbele ya mufalme Daudi, alileta swali, akalificha mu hadisi ya mwana-kondoo. Wale vijana wa Kinshasa walikuwa karibu na Natani kupita mahubiri mingi yenye tumesikia mu Likasi mwaka ule.

Tena tusidanganyane kama gitaa ni ya shetani. Ni hapa, mu muji yetu, wakati ilikuwa ingali inaitwa Jadotville, mu 1952, Hugh Tracey alikamata sauti ya Mwenda Jean Bosco, mutoto wa Bunkeya, na vidole vyake vyenye dunia muzima ilikuja kushangaa. Aliimba mu Kiswahili. Leo hakuna korali ya Kikula yenye haina gitaa.

Februari 2023, Papa Fransisko alikutana na vijana ku Stade des Martyrs. Aliwafundisha na vidole vya mukono: sala, umoja, unyofu, kusamehe, kutumika. Alizungumuza juu ya rushwa, na uwanja muzima ukaikataa kwa sauti moja pamoja naye. Vijana walicheza, waliimba, na katikati ya nyimbo wakamukumbusha na Rais kama mandati iko na mwisho. Imani, politike, ngoma, yote siku moja, na mbingu haikuanguka. Kidole cha katikati, kile cha unyofu, ndicho tungependa bapasta yetu wakiangalie tena.

Juu unyofu iko na hesabu. Sheria ya madini ya 2018 inagawanya redevance hivi: 50 kwa mia kwa Leta ya Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa miji, mitaa na mausultani kwenye madini inatoka, 10 kwa mufuko ya vizazi vyenye vitakuja. Makamyo ya madini inapita hapa kila siku, vumbi tunaimeza sisi. Pasta mwenye anajua kuhesabu fungu la kumi mpaka franga ya mwisho, tunamuomba kwa heshima ahesabu na hii kumi na tano. Amuulize mugeni wa mbele, pale pale, mbele ya waamini: tata, hizi malata zinatoka mu mufuko yako ao mu ile yetu? Kama ni ya Leta, si zawadi, ni deni inarudi nusu-nusu. Kama ni yake, basi atie mu kikapo kama vile mujane wa Injili alitia, bila mikro.

Tunajua jibu yenye itakuja, na si jibu ya bure. Malata ni bei. Mvua ya Januari inaingia mu kanisa, watoto wa shule ya Mungu wanalowana, na waamini wenyewe hawana kitu. Wengi kati yetu tuko na diplome mu valize na hakuna kazi, tunatia mu kikapo franga yenye tumeomba kwa dada. Pasta afanye nini? Tunasema: apokee. Hatumuombe afukuze mutu. Aandike mu daftari ya kanisa nani alitoa nini na siku gani, daftari ile isomwe kama vile matangazo ya ndoa inasomwa, na mutoaji aikale pahali alikuta nafasi. Mikro ya mahubiri isishikwe na mutu mwenye anatafuta kura, wa upande wa serikali ao wa opozisyo, hata kama ni rafiki ya harakati yetu. Na wenzetu wa korali, triko ya kampanye isivaliwe juu ya kiimba. Kama unataka kuimbia depite, muimbie kwake, siku ya kazi, na akulipe vizuri.

Barua iko tayari, ukurasa moja, mu Kiswahili na mu Kifaransa. Kuanzia siku ya Mungu yenye inakuja tutaipeleka kwa mapadiri na bapasta wa komini zote ine, kisha ibada, watu wawili wawili, kwa adabu, bila matusi na bila kamera. Tutaomba jibu mbele ya mwisho wa mwezi. Wenye kukubali tutawaandika hapa, wenye kukataa pia, na sababu yao kama vile wataisema. Mwenye anajua kanisa ndogo za kule Panda na Shituru zenye hazina kibao ku barabara, atuandikie jina ya avenue. Tutafika na kwa mguu.